Mzazi Asitie Sahihi Jambo Asilolielewa

Kila mwaka, mahindi yanapokuwa yamekwisha kuvunwa katika Ufipa na upepo wa baridi ungali ukivuma juu ya uwanda, huanza msimu wa karatasi. Vijana waliomaliza Kidato cha Sita huomba vyuo, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hufungua mlango wa maombi, ambao kwa kawaida huwa wazi tangu Juni mpaka mwisho wa Agosti. Kutoka hapo hadi Novemba simu za nyumbani hazitulii. Ujumbe mmoja wasema ombi limepokelewa. Wa pili wasema ombi lina kasoro. Wa tatu wasema kijana amepangiwa, na wa nne wasema angoje awamu inayofuata. Mzazi wa Laela, Mpui, Kaengesa au Miangalua, aliyemsomesha mtoto kwa magunia ya mahindi na maharage, aupokea ujumbe huo, ausoma mara mbili, na hajui umemwambia nini.

Twasema wazi kwamba jambo hili si dogo, wala si aibu ya mzazi. Mtu anayeingia katika deni la miaka mingi kwa ajili ya mtoto wake ana haki ya kuelezwa kwa lugha ya nyumbani kwake amekubali nini, amepewa nini, na amebakiwa na mzigo gani. Ikiwa barua haikumweleza, basi yatupasa sisi majirani na wanachama wenzake tuisome pamoja naye, na yaipasa Bodi iiandike upya mpaka ieleweke. Hayo mawili ndiyo tunayoyataka katika makala hii.

TULIKOTOKA

Wazee watakumbuka kwamba Chuo Kikuu cha kwanza katika nchi yetu kilifunguliwa rasmi tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, ndani ya jengo la TANU katika Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kilianza na kitivo kimoja tu cha sheria, na wanafunzi wachache mno. Mwaka 1964 chuo kikahamia kilimani, mahali kilipo hadi leo. Katika miaka ile kijana aliyefika chuoni alisomeshwa kwa fedha ya umma. Mzazi wake alipika chakula cha safari, akamsindikiza mpaka penye gari, akarudi shambani. Hapakuwa na fomu ya kumsumbua.

Siku hizo zimepita. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliletwa utaratibu wa wazazi na wanafunzi kuchangia gharama za elimu ya juu. Bunge likapitisha Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 iliyoiunda Bodi ya Mikopo, na Bodi hiyo ikaanza kazi Julai 2005. Tangu hapo fedha imeongezeka sana: katika mwaka wa fedha 2024/25 zilitengwa Shs. bilioni 787 kwa ajili ya mikopo. Ni fedha nyingi, tena ni fedha ya wananchi wenyewe. Lakini fedha hiyo haimfikii mtoto wa mkulima kwa sababu tu ni maskini. Yamfikia kwa sababu karatasi zake zimekamilika, majina yake yanafanana, na tarehe haijampita. Hapo ndipo mtoto wa mtu asiyejua karatasi anapoachwa nyuma na mtoto wa mtu anayejua karatasi, ingawa wote wawili wamefaulu sawasawa.

Hatukuupigania usawa ili uje uishie mlangoni pa duka la kujaza fomu.

MANENO MATATU YASICHANGANYWE

Kwanza, mzazi ajue kwamba kuna mambo matatu mbalimbali, nayo huja kwa simu ile ile na kwa wakati ule ule.

La kwanza ni udahili, yaani kijana kupata nafasi chuoni. Kazi hii ni ya vyuo, chini ya usimamizi wa Tume ya Vyuo Vikuu. Kijana aweza kuchaguliwa na chuo kimoja, au na vyuo viwili na vitatu. Akichaguliwa na zaidi ya kimoja, hutumiwa namba ya siri ili athibitishe chuo kimoja anachokitaka, na hupewa siku za kufanya hivyo. Asipothibitisha, nafasi yake yaweza kupotea, na mkopo wake nao hukwama, maana mkopo hufuata chuo. Kwa hiyo ujumbe wa kuthibitisha chuo si wa kufurahiwa tu na kuonyeshwa jamaa. Ni wa kujibiwa upesi.

La pili ni mkopo. Neno hili lasema lenyewe: ni fedha ya kurudishwa. Tumewasikia watu wakisema, "Serikali imemsaidia mtoto," kana kwamba amepewa zawadi. Serikali imemkopesha, naye ameandikiwa deni kwa jina lake.

La tatu ni ufadhili, yaani fedha isiyorudishwa. Upo ufadhili wa Serikali ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, uitwao Samia Skolashipu, wa wanafunzi waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa katika masomo ya sayansi. Ni wa wachache. Mzazi ambaye mtoto wake amepata mkopo asidhani amepata ufadhili huo, na yule ambaye mtoto wake amefaulu sana sayansi asikae bila kuuliza kama anastahili.

Yafaa tukumbushe pia kwamba tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo imeanza kutolewa hata kwa wanafunzi wa stashahada, katika fani zilizochaguliwa. Wapo wazazi wengi ambao watoto wao wamekwenda vyuo vya kati wakiamini kwamba mkopo ni wa vyuo vikuu peke yake. Waulize.

MWENYE OMBI YUPO KAMBINI

Tangu mwaka 2013 ulipofufuliwa utaratibu wa wahitimu wa Kidato cha Sita kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, vijana wengi huwa makambini katika miezi ile ile ambayo mlango wa maombi uko wazi. Gazeti hili laliunga mkono jeshi hilo na malezi yake. Lakini yafaa tuone matokeo yake nyumbani. Kijana yuko kambini, pengine mkoa wa mbali, na hashiki simu apendavyo. Namba iliyoandikwa katika ombi ni ya baba, au ya mama, au ya mjomba. Ujumbe wa kusema "sahihisha kasoro kabla ya tarehe fulani" unaangukia mkononi mwa mtu ambaye hakuijaza fomu, haijui namba ya mtihani, na hana neno la siri la kufungulia akaunti ya mtoto.

Bodi imewahi kupeleka maofisa makambini kuwasaidia vijana, na kwa hilo twaishukuru. Lakini nyumbani nako kunahitaji msaada. Kwa hiyo kabla kijana hajapanda gari kwenda kambini, mzazi akae naye na daftari. Waandike namba ya mtihani wa Kidato cha Nne, ambayo ndiyo Bodi humtambua nayo mwombaji. Waandike neno la siri la akaunti ya mkopo. Waandike namba ya simu na anwani ya barua pepe iliyotumika. Waandike jina la benki na namba ya akaunti. Daftari hilo liwekwe pamoja na hati za shamba. Lisiachwe katika duka la kuchapia karatasi.

Na vyeti visingoje Juni. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA kabla ya kuambatishwa, na ikiwa mzazi mmoja au wote wamefariki, cheti cha kifo nacho huhakikiwa vivyo hivyo. Katika vijiji vyetu watoto wengi walizaliwa bila kuandikishwa. Wengine wameitwa jina moja nyumbani, jingine kanisani, na la tatu shuleni. Mtoto ambaye cheti chake cha kuzaliwa kina jina lisilofanana na la mtihani huingia katika usumbufu wa viapo na marekebisho wakati wenzake wanafunga masanduku. Mzazi mwenye mtoto wa Kidato cha Tatu leo aanze leo. Fomu huhitaji pia sahihi ya uongozi wa kijiji, na ya hakimu au wakili. Familia iliyomo katika mpango wa TASAF itaje jambo hilo na kuonyesha uthibitisho, maana ni ushahidi wa hali yake. Kijana aliyefadhiliwa katika shule ya sekondari aombe barua ya mfadhili wake. Mwenye ulemavu apate uthibitisho wa daktari wa Serikali. Haya yote huamua ni kiasi gani mtoto atapangiwa, na asiyeyataja huhesabiwa kama hana.

HESABU YA NUSU

Sasa twaingia katika jambo linalowaumiza wazazi kuliko yote. Mtoto anapopangiwa mkopo, hupangiwa kwa mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikio, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti, na mafunzo kwa vitendo. Si kila mtoto hupata mafungu yote, wala si kila fungu hupatikana lote.

Tuchukue mfano, nasi twautoa kwa ajili ya hesabu tu. Ada ya chuo ni Shs. 1,200,000/- kwa mwaka. Kijana amepangiwa nusu ya ada, yaani Shs. 600,000/-. Chakula na malazi amepangiwa Shs. 7,000/- kwa siku, kwa siku 240, yaani Shs. 1,680,000/-. Vitabu amepangiwa Shs. 200,000/-. Jumla ya mkopo wake ni Shs. 2,480,000/-.

Mzazi aletewa habari: "Mtoto wako amepata milioni mbili na laki nne na themanini elfu." Naye ajua kwamba ada ni milioni moja na laki mbili. Akili yamwambia ada imelipwa na chenji imebaki. Ashukuru Mungu, anunue mbolea, aezeke nyumba. Oktoba mtoto afika chuoni, aambiwa ada yake imebaki Shs. 600,000/-, na bila kuilipa au kupewa ruhusa hataandikishwa. Simu yapigwa nyumbani usiku. Mahindi yamekwisha kuuzwa. Kinachobaki zizini ni jozi ya maksai.

Hakuna aliyemdanganya mzazi huyo. Namba ile ilikuwa ya kweli. Lakini ilikuwa jumla ya mafungu, na hakuna aliyemwambia kwamba fungu la ada huenda moja kwa moja chuoni, na fungu la chakula na vitabu hupewa mwanafunzi mkononi, na kwamba moja haliwezi kuhesabiwa kana kwamba limelipia jingine. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi lisiwe "Amepata ngapi?" Liwe "Ada imebaki ngapi?" Akilipata jibu la swali hilo mwezi wa Septemba au mapema Oktoba, aweza kupanga: aweke magunia kadhaa mpaka bei itengemae, au apeleke mahindi yake kituo cha Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula badala ya kumuuzia mlanguzi shambani, au aende chuoni kuomba kulipa kwa awamu. Akilipata Novemba, huuza chochote kwa bei yoyote.

Kuna na kosa la upande wa pili. Orodha ya awamu ya kwanza hutoka na jina la mtoto halimo. Mzazi aona dunia imemwangukia. Auza maksai siku ile ile, ama akodisha shamba lake kwa miaka mitatu. Baada ya wiki mbili tatu yatoka majina ya awamu ya pili, na mtoto yumo. Maksai hawarudi. Mvua za kwanza zinaanguka na mtu huyo anashika jembe la mkono katika ekari alizozoea kuzilima kwa plau. Kwa hiyo twawaambia wazazi: kutokuwamo katika awamu ya kwanza si kunyimwa. Zipo awamu zinazofuata. Na baada ya hizo Bodi hufungua nafasi ya rufaa, kwa aliyekosa kabisa na kwa aliyepangiwa kidogo. Rufaa si ugomvi wala utovu wa adabu. Ni haki iliyowekwa katika utaratibu, na mwenye ushahidi mpya wa hali yake aitumie kabla mlango haujafungwa.

DENI NI LA NANI

Mkopo ni deni la mwanafunzi. Lakini katika mkataba pana nafasi ya mdhamini, ambaye hutoa picha yake, kitambulisho chake na sahihi yake. Mara nyingi mdhamini huyo ni mzazi au ndugu wa karibu. Twasikia watu wakisema, "Nimeombwa sahihi tu." Hakuna sahihi tu. Mdhamini amebeba dhamana, na kabla ya kalamu kugusa karatasi asomewe mkataba wote, mstari kwa mstari, tena kwa Kiswahili. Akikataa kusaini mpaka asomewe, asionekane mkorofi.

Mzazi ajue pia deni litakavyolipwa, maana matumaini ya nyumba nzima yamesimama juu ya mshahara wa kijana huyo. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mdaiwa aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 8. Turudi katika mfano wetu. Kijana akisoma miaka mitatu kwa mkopo ule ule, atakuwa amekopa Shs. 7,440,000/-. Akiajiriwa kwa mshahara wa Shs. 800,000/-, atakatwa Shs. 120,000/- kila mwezi. Bila kuhesabu gharama ya uendeshaji, atalipa kwa miezi 62, yaani miaka mitano na miezi miwili. Katika miaka hiyo mama atamtazamia amsomeshe mdogo wake. Ni vema wote wawili walijue jambo hili mapema, ili asije akaitwa mchoyo kwa kosa la kukatwa deni.

Zamani ilikuwepo tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, iliyofanya deni liongezeke hata mdaiwa akiwa analipa. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Aliyeambiwa kwamba mkopo hauishi milele kwa sababu ya riba anaambiwa habari za zamani, na asimwache mtoto wake akae nyumbani kwa hofu hiyo.

Kuhusu kulipa, gazeti hili halina maneno mawili. Dawa ya deni ni kulipa. Ubishi wa kwamba msomi anadaiwa nini na nchi yake ni wa zamani. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya utumishi wa lazima katika Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu mia nne, kisha akapunguza mshahara wake yeye mwenyewe kwa asilimia 20. Watu wanaweza kubishana hata leo kama adhabu ile ilikuwa kali mno. Lakini swali lililoulizwa siku ile bado lipo: anayesomeshwa kwa jasho la wengi anawarudishia nini? Mkulima wa Ufipa hahitaji kufundishwa jibu. Yeye hulima ntumba: hufukia majani katika tuta ili yaoze, na mbolea hiyo ndiyo inayolisha mazao ya msimu ujao. Kijana aliyepata mshahara akakimbia deni lake amekula na kilichokuwa cha kufukiwa. Mtoto wa jirani atakayeambiwa fedha hazikutosha ndiye atakayelipa.

Lakini ni lazima pia tuseme upande wa pili. Huwezi kumdai mtu uaminifu wa kulipa ikiwa siku ya kukopa hukumweleza. Mtu huheshimu ahadi aliyoielewa.

WALANGUZI WA KARATASI

Penye giza hapakosi mwizi. Katika msimu huu hutokea watu wanaopiga simu wakijitaja kuwa ni maofisa wa mikopo. Husema jina la mtoto limekwama na kwamba yahitajika fedha kidogo ya kulisukuma, itumwe kwa namba ya simu ya mtu. Huo ni wizi mtupu. Malipo halali ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe, wala hayatumwi kwa simu ya mtu binafsi. Hakuna ofisa awezaye kuuza nafasi, na anayedai anaiuza apelekwe Polisi na TAKUKURU.

Wapo tena wasio wezi lakini wanaoharibu. Kijana asiye na kompyuta huenda kwa mwenye duka, naye humjazia fomu kwa haraka kwa sababu nyuma yake wamesimama wengine kumi. Namba moja ya akaunti ikikosewa, fedha haifiki. Kiambatisho kimoja kikisahauliwa, ombi lahesabiwa lina kasoro. Mwenye duka amekwisha kulipwa na hana habari tena. Hatuwakatazi watu kwenda dukani. Twasema wasiondoke kabla ya kusomewa kila kilichoandikwa, na kabla ya kuchapiwa nakala yao ya kwenda nayo nyumbani. Na neno la siri ni siri ya mtoto na mzazi wake, halibaki ukutani mwa duka.

TUNACHOITAKA BODI

Bodi hutoa mwongozo wake kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, na huwatuma maofisa wake mikoani kutoa elimu. Hayo ni mema. Lakini mwongozo ni kitabu cha kurasa nyingi, nao unasomeka katika mtandao. Maofisa nao wakija Rukwa hufika Sumbawanga mjini na katika shule kubwa kama Kantalamba, wakaonana na wanafunzi. Mzazi wa Laela hakuwapo.

Twaomba mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, ujumbe wa kumpangia mwanafunzi mkopo utumwe pia kwa simu ya mzazi au mlezi, kwa Kiswahili chepesi, na useme mambo manne tu: chuo kitalipwa kiasi gani cha ada, mtoto atapewa mkononi kiasi gani, ada iliyobaki kwa mzazi ni kiasi gani, na mwisho wa kukata rufaa ni tarehe gani. Pili, mkataba wa mkopo uwe na ukurasa mmoja wa mbele, wa maandishi makubwa, unaoeleza deni, makato na wajibu wa mdhamini kwa maneno ambayo mtu aliyesoma darasa la saba ataelewa. Tatu, maofisa wanapokuja mkoani wapangiwe siku Laela na siku bondeni kwa watu wa Ilemba na Mtowisa, tena mwezi wa Mei au Juni, wala si Agosti wakati mlango unafungwa.

Asitokee mtu wa kutujibu kwamba wananchi wa vijijini hawapendi kusoma. Mkulima huyu huyu anajua bei ya mahindi ya Tunduma asubuhi ile ile inapobadilika. Anasoma mizani ya mnunuzi kwa jicho moja. Anasoma kila kinachohusu maisha yake, ilimradi kiandikwe kwa lugha yake.

KAZI YA MATAWI

Tusiingoje Bodi. Yapo mambo ambayo twaweza kuyafanya sisi wenyewe mwaka huu huu.

Kila tawi limchague msomaji wa barua. Awe mwalimu, muuguzi, mtendaji aliyestaafu, au kijana aliyemaliza chuo na kurudi nyumbani. Huyo wa mwisho afaa kuliko wote, maana amepita njia hiyo mwenyewe. Msomaji huyu atangaze siku moja katika juma, mahali pa wazi, na mzazi yeyote mwenye ujumbe au fomu aje asomewe. Asomewe bila malipo, na bila kuulizwa kadi ya chama wala dhehebu, kwa kuwa mtoto wa Taifa ni mmoja. Msomaji asishike neno la siri la mtu, asipokee fedha ya mtu, wala asimwahidi mtu mkopo. Kazi yake ni kusoma na kueleza, na pale asipojua aseme hajui, kisha aulize.

Mabalozi watengeneze orodha ya nyumba zenye watoto wa Kidato cha Tatu hadi cha Sita, na wahimize vyeti vya kuzaliwa mapema. Viongozi wa vijiji wanaotia sahihi katika fomu wakae ofisini siku walizotangaza. Mtoto asikose mkopo kwa sababu mwenye muhuri alikwenda mnadani. Na vyama vya ushirika vifikirie kuweka akiba ya wazazi wenye watoto wa vyuo, gunia moja moja tangu mtoto akiwa Kidato cha Tano, ili siku ya kuulizwa ada iliyobaki pawe na jibu zizini pasipoguswa maksai.

Wazazi nanyi msinyamaze. Kuuliza si ujinga. Wengi hukubali tu kwa kichwa mbele ya mtoto wao msomi, wakiona haya kusema hawakuelewa. Mtoto naye huona haya kumwambia baba kwamba fedha hazitoshi. Kwa haya ya pande mbili, shamba linakwenda. Mwambieni mtoto akae chini, afungue akaunti yake, asome fungu moja moja kwa sauti, nanyi mwandike. Mkimaliza, mwulizeni lile swali moja: ada imebaki ngapi? Asipoweza kulijibu, nendeni kwa msomaji wa tawi. Msomaji asipoweza, aandike barua kwa Bodi kwa jina la tawi, na gazeti hili litaichapa barua hiyo pamoja na jibu litakalokuja.

Mlango wa maombi utafunguliwa tena Juni. Wenyeviti wa matawi wa Laela na kata zote za jirani wametajiwa kazi yao, nasi tutawauliza habari zake kabla ya mavuno kwisha.